Barua kwa mwanangu: ndimu, limau, na neno lililobisha hodi mara mbili

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalam alaikum. Umeuliza, huku ukiandika vibao vya miche kitaluni kwako, kama ndimu na limau ni neno moja au mawili. Asili ni moja. Lilitufikia mara mbili tu, na kila mara kwa mlango wake.

Anza na ndimu. Waajemi husema limu. Sasa tamka ulimi, halafu taja wingi wake: ndimi. Umesikia n ilivyoikuta l ikaigeuza d? Limu nayo iliingia ngeli ya i-zi, ikavaa n ya ngeli hiyo, ikawa ndimu. Ndiyo maana twasema ndimu hii, ndimu hizi, na mti wake ni mndimu (wengine mdimu), wala si mlimu. Neno likishakubali kugeuzwa hivyo, jua limekaa nasi siku nyingi.

Wako wanaolitoa moja kwa moja Uhindini, kwa kuwa Kihindi kina nimbu na Kigujarati kina limbu. Ni jamaa wa limu, sikatai. Lakini kinywa chetu hakiogopi mb: tuna kamba, jembe, embe. Lingekuja limbu, leo tungekuwa tukimkamulia samaki ndimbu. Mimi nasimama na Waajemi.

Limau ni la Wareno, waliotia nanga Malindi Aprili 1498. Wao husema limão, na mwisho wake hutokea puani. Sisi irabu za puani hatuna, tukabaki na au. Hili halikuvaa n. Lilikaa na chungwa na embe: limau hili, malimau haya, mlimau. Na Mreno hakulibuni. Alilipata kwa Waarabu, wasemao laymun, ambao nao walilitoa kwa limu ile ile ya Waajemi. Kwa njia hiyo hiyo ya Kiarabu Waitaliano wakapata limone na Waingereza lemon. Waingereza nao wana pacha wao kama sisi, maana lime yao ni ya Kiarabu pia, lima, iliyopitia Ufaransa.

Wengi huteleza kwenye sauti. Wamalei wana limau, herufi kwa herufi kama letu, na mtu akiliona huruka kusema tumelitoa kwao. Tazama maana kwanza: limau la Kimalei ni jamii nzima ya matunda haya, ndimu ikiwamo, na letu ni tunda moja tu, sawa na limão ya Ureno. Maana nayo peke yake haitoshi. Pera letu ni pêra ya Kireno bila ubishi, ilhali kwa Mreno hilo ni tunda jingine kabisa, lisilo na harufu ya mapera yetu. Kwa hiyo pima sauti, maana, na njia neno lilimopita, vyote vitatu. Na ukitumia kamusi ya Kifaransa, angalia: citron yao ni limau.

Kwenye vibao, ndimu iandike Citrus × aurantiifolia. Zingatia i mbili katikati, wengi huidondosha moja. Maana yake ni “yenye majani kama ya mchungwa”. Limau ni Citrus × limon. Alama ya × yaonyesha kuwa ni chotara, nayo yote mawili yana mzazi mmoja, utrunji wa Waarabu, tunda jingine la jamii hii, Citrus medica. Usimwambie mteja kuwa medica ni dawa. Ni Umedi, nchi ya kale huko Uajemi. Naona hata jina la kitaalamu limerudi kule kule lilikotoka neno letu.

Miche ikichanganyika kabla ya kuzaa, usitegemee harufu ya jani, itakudanganya. Tazama chipukizi: la mlimau hutoka na rangi ya zambarau (nalo hilo ni jina la tunda!), na ua lake lina rangi hiyo hiyo kwa nje, ndani jeupe. Ua la mndimu kwa kawaida ni jeupe. Kisha shika kikonyo cha jani: cha mndimu kina ubawa mwembamba pande zote mbili, cha mlimau karibu hakina. Ukipata tunda, ndimu ni ya mviringo, ganda jembamba, ndani kijani. Limau lina chuchu nchani na ganda nene.

Na kibao cha tatu ulichoniandikia, “mlimao”, sahihisha kwa u kabla rangi haijakauka.

Babako