Uliza Habari za Pampu, Usiulize Habari za Maisha

Ukiingia duka la mtaani pale Kaloleni au Shauri Moyo, Nairobi, na kamera shingoni, mwenye duka atadhani umetumwa na kanjo, yaani askari wa kaunti. Asipodhani hivyo, atadhani ni watu wa kodi. Kwa hivyo kamera ibaki nyumbani kwanza. Nunua maziwa hapo mpaka akuzoee, kisha umweleze unachotaka.

Nimekuwa nikirekodi maduka madogo ya Eastlands, picha na sauti, na nimegundua swali baya kuliko yote ni hili: "Mzee, maisha ya hapa zamani yalikuwaje?" Utajibiwa kama mgeni: yalikuwa mazuri, watu walipendana. Basi.

Uliza kitu kinachoonekana. Duka moja lina pampu ya mafuta taa iliyojaa vumbi. Niliuliza tu iliacha kazi lini. Mzee akaanzia 2018, serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu waache kuchanganya mafuta taa na dizeli. Kutoka hapo akaniambia nani alikuwa akitumwa na chupa ya soda kununua ya shilingi kumi, nani alihamia gesi, na nani alirudi kwenye makaa. Sikuuliza swali la pili kwa muda mrefu.

Miaka watu huisahau, matukio hawasahau. Badala ya "mwaka gani?", uliza kama ilikuwa kabla ya M-Pesa (2007), au kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Agosti 2017. Wazee watajie jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, maduka mengi ya Nairobi yalipoporwa. Hilo usilidokoe juu juu. Mwachie nafasi, na akinyamaza, nyamaza naye.

Upande wa picha, simu inatosha. Wavu wa kaunta ndio husumbua: sogeza lenzi mpaka karibu iguse waya, nao wavu utapotea kwenye picha. Lakini piga nyingine na wavu wenyewe, maana mteja ndivyo anavyoliona duka. Piga mizani, kopo la kupimia mafuta ya kupikia, kile kibao cha "leo hakuna mkopo". Ukikaribishwa ndani, piga ukitazama nje, kule mwenye duka anakotazama siku nzima.

Daftari la madeni lina utamu wake, najua. Piga jalada tu. Majina yaliyomo ni ya majirani ambao hawajakubali chochote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa kwa kampuni kubwa peke yake. Namba ya till, ile ya kulipia kwa M-Pesa, nayo iache.

Mazungumzo yafanye alasiri, kabla watoto hawajatoka shule na kabla ya foleni ya unga wa jioni. Omba friji izimwe kidogo kama inanguruma. Ruhusa irekodiwe kwa sauti yake mwenyewe, mwanzoni.

Halafu chapa picha, kwenye karatasi hasa, uzipeleke dukani. Wateja watazigombania pale kaunta: hii rafu haikuwa hapa, huyu si yule kijana wa mkate? Hapo omba ruhusa tena, uwashe simu.