Ndugu Katibu, Kabla Hujaitisha Kikao cha Kumfukuza Mtu

Ukishakabidhiwa ukatibu wa chama, iwe wa kata au wa wilaya, usidhani kazi nzito ya kwanza itakuwa kampeni. Huenda ikawa mwanachama anayetuhumiwa kukisaliti chama. Watakuja kwako watu wenye hasira, usiku, na picha kwenye simu na sauti zilizorekodiwa kwenye grupu la WhatsApp, na watataka mtu huyo awe ametoka chamani kabla ya Jumamosi. Nimekaa kwenye vikao vya maadili ngazi ya wilaya kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa ndiye mwandishi wa muhtasari. Nilichokiona ni kwamba kesi za usaliti ambazo chama kilikuwa na haki kabisa ndizo kilizozipoteza kirahisi, maana kila mtu aliona jambo liko wazi na hakuna aliyejali utaratibu.

Waulize kwanza: amefanya nini? "Ametusaliti" siyo jibu. Nataka kujua alifanya nini, wapi, siku gani, na nani aliona. Uwe mkali zaidi na swali hili katika miezi inayofuata kura za maoni, yaani kura za ndani za kuteua wagombea wa chama, kwa sababu tuhuma nyingi za kipindi hicho ni madeni ya makundi. Aliyemuunga mkono mgombea aliyeshindwa ndani ya chama anaitwa msaliti na kundi lililoshinda, hata kama baadaye alizunguka vijijini kumnadi mshindi. Ukilipokea faili la namna hiyo bila kuuliza, umeshaingia kwenye kundi, na wanachama watalijua hilo kabla yako.

Mwanachama aliyepinga hoja ndani ya kikao hajakosa lolote. Kikao kimewekwa ili watu wapingane humo. Aliyeshindwa kikaoni kisha akatoka kuwaita waandishi wa habari amevunja nidhamu, na hilo lina adhabu yake katika kanuni. Lakini aliyeuza orodha ya mawakala wetu wa vituo usiku wa kuamkia uchaguzi, au mgombea aliyejitoa dakika za mwisho kwa makubaliano ili mpinzani apite bila kupingwa, huyo ameuvunja mkataba wenyewe wa uanachama. Watu hawa watatu wasiitwe kwa barua moja wala wasipewe adhabu moja. Ukiwachanganya, wale wenye mawazo tofauti wataogopa kusema vikaoni, watahamishia mazungumzo yao kwenye mabaraza ya kahawa, na wewe hutasikia chochote mpaka siku ya kura.

Julai 2015 mjini Dodoma, Kamati Kuu ya CCM ilipolikata jina la Edward Lowassa katika mchujo wa urais, wajumbe wake watatu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje wakajitenga na uamuzi mbele ya vyombo vya habari. Kwa chama chenye nidhamu ya vikao kama kile, hilo lilikuwa kosa kubwa. Machi 2017 uamuzi ulipotoka, haukuwa mmoja kwa wote: Simba alifukuzwa, Nchimbi akapewa onyo kali, Kimbisa akasamehewa. Januari 2024 Nchimbi akawa Katibu Mkuu wa chama hichohicho. Abdulrahman Kinana naye alipewa karipio Februari 2020, na miaka miwili baadaye akawa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Unaweza usikipende chama hicho, na mimi simpigii mtu debe hapa. Ninachotaka ukione ni kwamba onyo na karipio vimewekwa kwenye kanuni kwa sababu. Mtu anaadhibiwa, anabaki, na chama hakipotezi alichokuwa nacho kichwani.

Upande wa pili ni Maalim Seif Sharif Hamad. Alifukuzwa CCM mwaka 1988 pamoja na wenzake, akawekwa kizuizini 1989 hadi 1991, na vyama vingi viliporuhusiwa 1992 akawa miongoni mwa waasisi wa CUF. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata CCM haikupata Zanzibar mpinzani mgumu kuliko yeye. Ukimtoa mtu mwenye watu, unatoa na watu. Wahesabu kwanza.

Sasa utaratibu, na hapa nakuomba utulie. Barua ya tuhuma isiseme "umekihujumu chama". Iandike kwamba tarehe fulani, kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji fulani, ulisimama jukwaani ukamwombea kura mgombea wa chama kingine, kinyume cha kifungu fulani cha katiba ya chama. Kila tuhuma na aya yake. Ipelekwe kwa mkono, asaini kwenye dispachi, daftari la kupokelea barua. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike palepale kwamba amekataa, na awepo shahidi. Mpe siku zote za kujibu ambazo katiba inampa. Nimewahi kuona wajumbe wakizipunguza siku hizo kwa hoja kwamba "mwenyewe anajua alichofanya." Hata akiwa anajua, siku ni zake.

Siku ya kikao hesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayokifanya kikao kiwe halali, kabla ya dua, uiandike. Mtuhumiwa aingie, asomewe, ajitetee, aulizwe maswali, kisha atoke. Mjumbe aliyeleta malalamiko aje kama shahidi na atoke pia. Usimwonee haya hata kama ni mwenyekiti wako. Hapo ndipo vyama vinapoanguka, na mfano mkubwa uko karibu sana.

Novemba 2020, wanawake 19 wa CHADEMA, akiwamo Halima Mdee, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu wakati chama kinasema hakikupeleka majina ya mtu yeyote. Siku chache baadaye Kamati Kuu ikawavua uanachama. Walikata rufaa, na Mei 2022 Baraza Kuu, kikao kilicho juu ya Kamati Kuu, likaitupa kwa kura nyingi. Wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2023 mahakama ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa sababu waliokaa Kamati Kuu na kuwahukumu walishiriki tena kuamua rufaa yao. Mtu hawezi kuwa hakimu wa hukumu yake mwenyewe. Jaji hakuhitaji kuamua nani aliyewapeleka bungeni, jambo ambalo wanachama wengi ndilo waliloumia nalo na wana haki ya kuumia. Wale 19 wakaendelea kukaa bungeni. Kila ninapokutana na katibu mpya namwambia aisome kesi hiyo kabla ya kuisoma ilani. Na wilayani kwako tatizo ni lilelile, tena kubwa zaidi, kwa sababu watu ni wachache na mjumbe mmoja anakuta yumo kwenye vikao vitatu. Panga mapema nani atakaa wapi. Rufaa ikija, waliokwisha kuamua wakae pembeni, na muhtasari useme wamekaa pembeni.

Kama mtuhumiwa ni mbunge, jambo si la kwako peke yako, na pengine si la kwako kabisa. Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba ya Tanzania inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza kiti. Kwa hiyo atapigana, maana anapigania ajira, heshima na jimbo. Hamad Rashid Mohamed alifukuzwa na CUF mwanzoni mwa 2012, na David Kafulila alifukuzwa na NCCR-Mageuzi mwishoni mwa 2011. Wote wawili walikimbilia mahakamani, na wote wawili walimaliza muhula wao wa ubunge 2015. Zitto Kabwe alipata zuio la Mahakama Kuu Januari 2014 ili CHADEMA isijadili uanachama wake, akabaki mbunge zaidi ya mwaka mzima mpaka kesi yake ilipotupwa Machi 2015. Fikiria miezi hiyo yote chama kinavyoishi: kiongozi hana cheo lakini ana kiti, wafuasi wake hawajui wako wapi, na kila mkutano unageuka mazungumzo juu yake. Ngazi yako ikusanye ushahidi safi, iupeleke juu, inyamaze.

Kunyamaza ni kazi yenyewe. Mwenyekiti akisimama jukwaani na kusema "huyu tumeshamalizana naye" kabla kikao hakijakaa, amempa wakili wa upande wa pili kesi nusu. Sauti hiyo itachezwa mahakamani kuonyesha kwamba kikao kilikuwa mchezo tu. Waombe vijana wa hamasa nao wapumzishe simu zao, japo ni wagumu kusikia.

Aliyenunuliwa na kuamua kuondoka, yaani wale waliohama upinzani kwenda CCM wakisema wanaenda "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, tuliowaona kwa wingi kuanzia 2017, usimpotezee muda wa vikao. Pokea barua yake, pokea kadi, jaza nafasi yake ndani ya wiki, na nenda mwenyewe kwenye matawi yake ukakae na wale aliowaacha. Wale wanaumia kuliko wewe. Waliuza kuku wakamchangia nauli na fomu. Wasikilize wakulaumu, usiwajibu kwa hotuba.

Halafu kuna mambo madogo yanayosahaulika kwenye hasira. Mhuri uko wapi? Daftari la wanachama analo nani? Kama alikuwa mmoja wa watia saini wa akaunti ya chama, barua ya kubadilisha saini iwe benki asubuhi inayofuata, ikiwa na nakala ya muhtasari. Namba yake ndiyo inayoendesha grupu la wilaya? Bendera, spika, pikipiki ya chama, funguo za ofisi, vyote viandikiwe hati ya makabidhiano na vipokelewe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Usiende kuvichukua kwake na kundi la vijana. Ofisi ya chama niliyowahi kuifahamu iligawanyika vipande viwili kwa sababu ya jenereta moja.

Uamuzi ukishatoka, barua iandikwe siku hiyohiyo. Itaje adhabu, kifungu, sababu, siku alizonazo za kukata rufaa na kikao atakachokikatia. Imfikie yeye kwanza, mkononi, kabla haijabandikwa kwenye ubao wa ofisi wala kusomwa redioni. Nakala moja ibaki kwenye faili lake pamoja na utetezi wake wote, hata zile kurasa alizoandika kwa matusi, na nyingine ipande ngazi ya juu kabla wiki haijaisha.