Kocha, nihamie marathoni mwaka huu?

SWALI: Kocha, nina miaka 22, naishi Kasarani. Muda wangu bora wa nusu marathoni ni 1:06, niliupata hapa hapa Nairobi. Meneja mmoja anataka nihamie marathoni mwaka huu, eti pesa ziko huko, na kwamba hata Kelvin Kiptum hakupitia mbio za uwanjani. Shida ni kwamba nikikimbia kilomita 35 mazoezini, nikifika 30 naisha kabisa. Unanishauri nini?

JIBU: Kiptum kweli hakupitia uwanjani, lakini alipitia nusu marathoni. Desemba 2020 alikimbia 58:42 kule Valencia, na ilikuwa miaka miwili baadaye, mji huo huo, alipokimbia marathoni yake ya kwanza kwa 2:01:53. Meneja wako amekusimulia nusu ya habari.

Tufanye hesabu. Muda wako ni dakika 3 na sekunde 8 hivi kwa kila kilomita. Kiptum alipovunja rekodi ya dunia Chicago, Oktoba 2023, kwa 2:00:35, wastani wake ulikuwa chini ya 2:52 kwa kilomita, na umbali ni mara mbili ya wako. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, kwa hiyo ukishuka pwani nakupunguzia dakika mbili, basi. Siku ile ya Chicago yeye alipita nusu kwa 1:00:48. Wewe ungekuwa umeachwa dakika tatu, tena umeshatumia kila ulichonacho, na kilomita 21 bado zinakungoja.

Huko kuisha kwenye 30 si uvivu. Misuli na ini huhifadhi sukari kidogo tu, na ukienda kwa kasi inaanza kukauka kuanzia hapo. Mwili hurudi kwenye mafuta, ambayo hayawezi kutoa nguvu haraka kiasi hicho, na miguu inakuwa mizito ghafla. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni miezi mingi ya mbio ndefu, ukianzia 25 na kupanda polepole, kwa kasi ambayo ungeweza kuongea. Barabara za murram za Ngong au njia za Karura zinafaa kuliko lami, kwani magoti yako utayahitaji miaka kumi ijayo. Ya pili watu huipuuza: kula na kunywa njiani. Tumbo nalo hufunzwa. Anza na kinywaji chenye sukari kila dakika 20, kidogo kidogo, uone kinakaa au kinarudi. Na usiende mbio ndefu na chai kavu ya asubuhi.

Wengine watakutajia Eliud Kipchoge kama mfano wa subira: bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, marathoni ya kwanza Hamburg 2013, akashinda kwa 2:05:30. Mimi nasema haikuwa subira tu: alihamia marathoni baada ya kukosa timu ya Olimpiki ya 2012. Lakini miaka ile ya uwanjani ndiyo iliyompa kasi.

Kwa hiyo mwaka huu baki kwenye 10 na 21. Mbio hizo unaweza kuzikimbia mara kadhaa kwa msimu. Marathoni ni mbili kwa mwaka, na ukiumia kwenye moja umepoteza nusu ya mapato. Ukigonga 1:02 hapa Nairobi, tutaongea lugha nyingine.

Kuhusu huyo meneja: hakikisha ana leseni ya World Athletics, na uliza Athletics Kenya kama wanamjua. Mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe asilimia anayokata, na nani analipa tiketi usipomaliza mbio. Muulize pia zawadi hulipwa lini, maana waandaaji wengi husubiri majibu ya vipimo vya dawa za kuongeza nguvu, na Marekani hukata kodi kabla pesa hazijakufikia. Akikwepa swali hata moja kati ya hayo, usitie sahihi.