Ile picha ya barakoa niliyowatumia

Mwanangu, uliyoandika kwenye kundi la familia nimeyasoma mara tatu. Umesema Waingereza walivaa barakoa bila kusukumwa kwa sababu ni watu waelewa, serikali yao ikawalipa wakae nyumbani, na ndiyo maana mimi mama yako mdogo nilivuka korona salama. Ukamalizia kwamba mjomba wako aliuawa na ubishi wetu Watanzania. Chini yake ukaweka picha yangu ya mwaka 2020, nimevaa barakoa ya bluu na ngao ya plastiki usoni, iwe ushahidi.

Nimekasirika, na hasira yenyewe si yako wewe. Maneno hayo niliwafundisha mimi. Sasa nayafuta.

Baridi, kodi ya nyumba, upweke, hayo mmeshasimuliwa na kila aliyepanda ndege. Mimi leo nina la barakoa tu.

Picha ile nilijipiga mwezi wa nne, kwenye choo cha wafanyakazi, huku mjini Leicester, Uingereza. Nyumbani mlijua niko hospitali. Mama yako akawaambia majirani mdogo wake ni nesi, nami sikukanusha, kwa sababu jina la nesi lilinipa heshima ambayo kazi yangu haikunipa. Nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kuogesha, kubadilisha nepi, kulisha kwa kijiko, kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kwa saa moja nililipwa pauni 8.21, na kuanzia Aprili hiyo pauni 8.72, kima cha chini kabisa kwa mujibu wa sheria.

Ikuze hiyo picha. Utaona kamba ya barakoa upande wa kushoto ina fundo. Ilikatika nikaifunga, kwa kuwa tulipewa moja kwa zamu nzima. Wakati wa kula unaivua, unaiweka kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako, bahasha zinapangwa dirishani kama barua zinazosubiri wenyewe. Ukimaliza kula unaivaa tena, imelowa pumzi yako ya asubuhi, inanuka. Ile ngao tuliletewa na shule moja ya jirani, wanafunzi waliitengeneza.

Na hapo ndipo mambo yalikuwa yameshakuwa mazuri! Mwezi mmoja kabla yake hatukuwa na hata hiyo. Mwongozo wa serikali wa tarehe 25 Februari 2020 ulisema kuna uwezekano mdogo sana wa mtu anayelelewa kwenye nyumba za wazee kuambukizwa, na kwamba wahudumu hawana haja ya barakoa. Uliondolewa Machi 13. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza Machi 28 kwamba kirusi hiki hakisambai hewani, na hadi Juni 5 ndipo likaanza kushauri watu wa kawaida wavae za kitambaa mahali pa msongamano. Sisi boksi letu la barakoa lilikaa kwenye kabati la ofisi, ufunguo anao meneja. Nikashona yangu kwa kipande cha shuka. Akanisimamisha mlangoni akaniambia niivue, naogopesha wazee.

Naogopesha wazee. Lishike neno hilo, nitalirudia.

Wakati huohuo hospitali zilikuwa zinapunguza wagonjwa ili zipate vitanda, na wazee wakaletwa kwetu bila kupimwa. Amri ya kuwapima kwanza ilikuja Aprili 15. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ilisema sera ile haikuwa halali. Lakini kati ya Machi na katikati ya Juni 2020 wakazi wa nyumba za wazee zaidi ya 19,000 walikuwa wameshakufa na korona, England na Wales peke yake. Kwetu tulianza kuwahesabu, kisha tukaacha, tukawa tunaangalia tu ni milango ipi imefunguliwa ili chumba kipigwe dawa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama yako hajui.

Mwishoni mwa Machi nilianza kukohoa usiku. Kikohozi kikavu, na mwili unawaka. Amri niliijua vizuri, ilitangazwa kila saa: mwenye kikohozi kipya au homa akae ndani siku 7. Niliketi kitandani nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Mkataba wangu haukuwa na saa za uhakika, ukiingia unalipwa, usipoingia hulipwi. Malipo ya kisheria ya mgonjwa yalikuwa pauni 94.25 kwa wiki. Chumba nilicholala kilikuwa pauni 90 kwa wiki. Na siku hiyohiyo mama yako alikuwa ameniandikia kwamba dawa za presha za bibi zimebaki za siku nne. Zile hela za watu kulipwa wakae nyumbani zilikuwepo kweli, asilimia 80 ya mshahara, zisizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Ila walipewa ambao kazi zao zilisimama. Wazee hawasimami kulishwa.

Nilimeza vidonge viwili vya kushusha homa nikaenda kazini. Zamu mbili. Mlangoni walinipima joto kwenye paji la uso, vidonge vilikuwa vimeshafanya kazi yake, nikapita. Kikohozi kikinijia nilikimbilia stoo ya mashuka, nakoholea ndani ya taulo. Barakoa sikuwa nayo. Siku ya tatu miguu ilikataa, ndipo nikapiga simu kusema naumwa.

Niliporudi baada ya wiki moja, barakoa za bluu zilikuwa zimefika. Kulikuwa na mzee mmoja chumba cha mwisho, kiziwi kiasi, alizoea kusoma midomo ya anayesema naye. Lafudhi yangu ilimsumbua toka zamani, na sasa mdomo wenyewe haonyeshwi. Alinitazama machoni, akaweka kidole juu ya mdomo wake, akakiteremsha kidevuni. Nishushe. Nikatazama mlangoni, nikaishusha, nikamwuliza polepole kama anataka chai au maji. Akacheka kama mtu aliyewashiwa taa. Kila siku nikawa namfanyia hivyo.

Mwezi wa nne haukuisha, alikufa. Alikufa na homa na pumzi fupi, hakupimwa. Wagonjwa walioletwa kutoka hospitali walikuwepo. Wenzangu waliokohoa kama mimi walikuwepo. Lakini mimi nilikuwepo pia, mwanangu, kabla ya barakoa na baada yake, na hakuna atakayekuja kuniambia haikuwa mimi.

Siku za Alhamisi, saa mbili usiku, watu walitoka milangoni kutupigia makofi. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Ilipofika wiki ya tano nilikuwa nazima taa nijifanye sipo.

Hao waelewa unaowasema nilipanda nao basi. Mpaka katikati ya Juni 2020 nilikuwa navaa barakoa peke yangu, wananitazama mimi ndiye mgonjwa. Ilipokuwa lazima kwenye mabasi na treni tarehe 15 Juni, kisha madukani tarehe 24 Julai kwa faini ya pauni 100, ndipo nyuso zikafunikwa. Wengi waliifunika midomo wakaacha pua nje, wengine kidevuni, kama walivyofanya kwetu na kila mahali. Juni 29 ikatangazwa kwamba Leicester itafungiwa peke yake, mji wa kwanza England, na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Walimlaumu aliyekuwa na ngozi yangu au ya Wahindi wa mtaa wa pili. Asubuhi moja nilikaa karibu na mama mmoja asiye na barakoa, mimi nimevaa yangu. Akaivuta skafu yake puani, akahamia kiti cha mbele. Mwezi wa nane maelfu waliandamana Trafalgar Square, London, wakisema barakoa ni pingu. Julai 19, 2021 sheria ikaondolewa England, Novemba 30 ikarudi, Januari 27, 2022 ikaondoka tena. Sisi wa nyumba za wazee tuliendelea kuzivaa mpaka mwishoni mwa 2022, masikio yamechubuka, wakati waliotuwekea amri walikutwa na sherehe ofisini kwao, na waziri mkuu akapigwa faini.

Wapo waliojali, nisiwanyime haki yao. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa miaka sabini na kitu, alishona barakoa za kitambaa akazitundika kwenye geti, mwenye shida achukue. Alikuwa mmoja katika mtaa mzima. Na kwetu pia alikuwepo mmoja kila mtaa.

Turudi kwa mjomba wako.

Mnakumbuka jinsi nilivyowafokea Januari 2021. Takwimu za nyumbani zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwisho wa Aprili 2020, ikatangazwa korona imekwisha, watu wakarudi kubanana kama zamani. Nilipiga simu kila jioni. Niliwaita wajinga. Nilimpa msafiri maboksi mawili ya barakoa, nikamwambia kaka nimemtumia uhai, aache ukaidi. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Dada, mimi dereva. Abiria akinikuta nimefunika mdomo anashuka, anasema gari lina mgonjwa. Nitawaogopesha watu."

Yuleyule meneja wangu. Neno lilelile, nchi mbili, na mimi nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu nikalitii, nikavua shuka langu mlangoni nikaingia. Lakini kaka nilimfokea kana kwamba sijawahi kulisikia. Februari akazidiwa. Mwezi uleule Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana korona. Kaka yetu akaandikiwa "changamoto ya upumuaji", korona haikutajwa. Nilimzika kwa simu, mtandao unakatika, naona mabega ya watu na udongo. Kati ya waliosimama pale niliwahesabu watatu wenye barakoa, na wawili walizipata kwenye boksi langu. Siku chache baadaye Rais Magufuli naye akawaambia wananchi wavae barakoa, za kutengenezwa nyumbani. Boksi la pili mama yako amelihifadhi mpaka leo, halijafunguliwa.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba kaka yangu aliuawa na ubishi. Alipiga hesabu ya pesa za kumpelekea bosi wa gari kila siku, kama mimi nilivyopiga ya chumba na dawa za bibi. Yeye aliogopa gari kuwa tupu. Tulijua wote wawili. Tofauti ni kwamba mimi nilibaki na simu ya kumfokea mwenzangu.

Unauliza kama uje huku Uingereza. Kwanza, anayekuuzia nafasi ya uhudumu wa wazee Uingereza ni tapeli, viza hiyo kwa waombaji walio nje ilifungwa Julai 2025. Usimpe hata senti. Pili, usije kufanya kazi hii kabisa, nimekukataza. Tatu, ukimaliza uuguzi wako na ukapata njia halali, njoo, mimi nitakupokea uwanjani na chumba kina nafasi ya godoro.

Ukiwa na mafua vaa barakoa, hata wakikucheka wodini. Ila mgonjwa kiziwi akikuomba uishushe, rudi nyuma hatua tatu, fungua dirisha, au mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Mimi sikufikiria karatasi. Miaka yote hii na bado naiona ile karatasi ambayo sikuichukua, ilikuwa pale kwenye meza yake, na kalamu.

Usimhukumu anayekuja kazini anaumwa, hujui nyumbani kwake kuna nini. Na wewe usiende kazini ukiwa unaumwa, hata siku moja. Kama huna namna, meza dawa, kaa mbali na... hapana. Usiende. Nipigie mimi, hata iwe usiku wa manane, nitatuma.

Na bibi asisomewe haya. Ataanza kuhesabu zile dawa.

Ile picha iondoe kwenye kundi. Kama mama yako bado ameiweka kwenye fremu sebuleni, mwambie nimeomba aitoe, aweke ya kaka, ile aliyokaa nyuma ya usukani anacheka, meno yote nje.