Giap alipigwa kwanza ndo akashinda Dien Bien Phu

Hapana ndugu, kusema Vietnam waliwashinda wakoloni wao Wafaransa kwa sababu Wafaransa walizembea tu ni kuwakosea haki wale watu. Giap mwenyewe, jenerali wao, kapigwa vibaya sana kabla, Januari 1951 pale Vinh Yen aliwatoa vijana wake kwenye uwanda wazi mchana kweupe, ndege za Wafaransa zikawamwagia napalm, yale mabomu ya moto, wakafa maelfu, na 1952 kwenye kambi ya Wafaransa ya Na San akagonga mwamba tena. Sasa angalia alichojifunza, Januari 1954 kila kitu kiko tayari kuipiga ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu na washauri wanataka apige haraka haraka, yeye akaona bado, akaamuru mizinga irudishwe nyuma, mizinga ile ile waliyoivuta kwa kamba na mikono kupandisha milimani usiku! Hebu fikiria kumwambia askari mwenye viganja vilivyochubuka ashushe tena. Wakachimba mashimo ubavuni mwa mlima wakaificha humo, wengine wanasukuma baiskeli zimesheheni mchele na risasi, ndo tarehe 13 Machi wakaanza kupiga na mizinga ya Wafaransa ikashindwa kuwajibu. Tarehe 7 Mei ngome ikaanguka.