Ukila Kichina Kisumu, Uliza Samaki Kwanza

Ukiingia hoteli ya mtaani hapa Kisumu inayopika Kichina, usikimbilie menyu. Muulize mhudumu leo wameletewa samaki gani. Mimi ni mteja wa hoteli hizi, na chakula kitamu nilichokula humo kilitokana na kilichofika asubuhi kutoka ziwani au soko la Kibuye, si na vitu vya mkebe.

Kukiwa na ngege, yaani tilapia, agiza mzima, apikwe kwa mvuke. Najua tumezoea kumkaanga mpaka akauke, au kumtia mchuzi wa nyanya. Lakini watu wa Guangdong, kusini mwa Uchina, humpika samaki mbichi kwa mvuke dakika chache tu, wakamwekea juu tangawizi iliyokatwa nyembamba na majani ya kitunguu, kisha mafuta ya moto na mchuzi wa soya. Mafuta yakigusa ile tangawizi inachachatika, na harufu inakufikia kabla ya sahani. Upishi huu haumfichi samaki aliyelala, kwa hivyo mimi huomba kumwona kwanza: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Hafai? Kula kuku.

Wali wa kukaanga hufaa ukiwa wa jana, hata huu wa mchele wetu wa Ahero, maana ukishapoa punje hazishikani kwenye karai. Ila uwe umepozwa upesi na kulala kwenye friji. Wali uliolala sufuriani huota bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukikaangwa tena, na tumbo litakusumbua. Uliza bila haya. Mpishi anayejali kazi yake atakujibu vizuri.

Sukuma wiki waambie waikaange na kitunguu saumu tu, moto mkali, itoke ikiwa bado kijani. Wakiwa na managu, yaani mnavu, chukua managu. Ule uchungu na soya vinapatana ajabu.

Mkiwa wengi, agizeni vyakula tofauti viwekwe katikati, kila mtu na wali wake. Na mwende kabla ya saa saba, watu wa ofisi hawajafika. Oda zikirundikana mpishi hujaza karai, moto unashindwa, mboga zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Ugali pia uombe. Ule mchuzi wa soya na tangawizi unaobaki chini ya ngege, mimi huumalizia na ugali.