Vioo vipya kwenye pikapu ya zamani: achana na "rangi kwa rangi"

Swali: Habari fundi. Nina Chevrolet Silverado ya mwaka 2001 na mara nyingi navuta tela la boti. Vioo vyake vya zamani vilikuwa vidogo, tela likishafungwa nilikuwa naona ubavu wa boti tu. Nikanunua vioo vya kuvutia tela vya muundo wa 2014, vinavyorefuka, vyenye hita na taa za indiketa. Aliyenifungia alisema ni kazi nyepesi, nyaya zinaungwa rangi kwa rangi. Sasa nikibonyeza swichi kwenda kushoto, kioo kinapanda juu. Nikikanyaga breki, indiketa za vioo vyote viwili zinawaka. Usiku nikiwasha taa, vioo vinapata moto, na baada ya muda fyuzi ya taa za nyuma inaungua. Fundi anasema vioo ni feki, na kwamba niweke fyuzi kubwa zaidi ili nisisumbuke njiani. Je, nivirudishe dukani?

Jibu: Usivirudishe. Na kama hiyo fyuzi kubwa imeshawekwa, nenda kaitoe kabla hujaendelea kusoma. Nitakusubiri.

Ndugu yangu, vioo vyako ni vizima. Umeniletea malalamiko matatu lakini ugonjwa ni mmoja, nao nauona karibu kila wiki. Ni huo wa "rangi kwa rangi". Sijui nani aliwaambia watu kwamba viwanda vyote duniani vilikaa kikao wakakubaliana waya wa kahawia ufanye kazi gani. Kiwanda kilichotengeneza gari lako kina rangi zake. Kilichotengeneza vioo vyako kina zake, na huenda mwakani kikazibadilisha kwa sababu tu roli la waya wa zambarau limeisha. Rangi ni ya kumsaidia mwenye mchoro. Asiye na mchoro apime, basi.

Tuanze na hita, maana ndiyo inayoweza kukuchomea gari. Kwenye plagi ya tela ya nyaya nne ya Kimarekani, mweupe ni wa hasi, kahawia ni wa taa ndogo (zile zinazowaka muda wote usiku), manjano ni wa indiketa na breki ya kushoto, na kijani ni wa indiketa na breki ya kulia. Naweza kubashiri bila kuliona gari lako kwamba waya wa hita wa vioo ulikuwa wa kahawia, fundi akautafutia kahawia mwenzake, akaupata kwenye taa ndogo. Ndiyo maana vioo vinapata moto ukiwasha taa. Sasa piga hesabu. Hita yenye ukinzani wa ohm 8, injini ikinguruma na umeme uko volti 14, hula amperi 1.75. Zikiwa mbili ni amperi 3.5, nazo zinawaka muda wote taa zinapowaka, juu ya mzigo wa taa zako na taa za tela. Fyuzi inaungua kwa sababu inafanya kazi iliyowekewa.

Hapo ndipo fundi wako anaponikera. Fyuzi hailindi taa, wala hita. Inalinda waya. Waya uliotandazwa kiwandani kwa ajili ya fyuzi ya amperi 10 ukiuwekea ya 20, umeufanya waya wenyewe uwe fyuzi, na utaungua pale ulipo: chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, ndani ya mlango, mahali ambapo huwezi kuuona mpaka harufu ikufikie. Na hata ukibaki na fyuzi sahihi, kila ikiungua usiku unakuwa barabarani huna taa za nyuma, na boti nzima gizani. Anayekuja kwa kasi nyuma yako hajui kwamba wewe unapasha vioo moto.

Hita inatakiwa ipate umeme kutoka kwenye mzunguko wa kukausha kioo cha nyuma, kama gari lako linao. Mzunguko huo kwa kawaida hujizima wenyewe baada ya dakika kadhaa, na kioo cha pembeni hakihitaji zaidi ya hapo. Kama huna, weka rilei yake, yaani swichi inayovutwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa: mguu wa 30 upokee umeme wa betri kupitia fyuzi ndogo iliyo karibu na betri, wa 87 uende kwenye hita, wa 85 na 86 ni wa kuivuta rilei kwa swichi, na swichi ipate umeme pale tu ufunguo ukiwashwa. Usipofanya hilo la mwisho, siku moja utaisahau na asubuhi utakuta betri imekufa.

Indiketa kuwaka na breki ni hadithi ileile. Pikapu nyingi za Marekani hutumia balbu moja nyekundu nyuma kwa kazi mbili, breki na indiketa. Nyaya zinazokwenda huko, pamoja na zile za manjano na kijani kwenye plagi ya tela, zinabeba ujumbe wote wawili ukiwa umechanganywa. Ukichota umeme wa indiketa ya kioo huko, kioo kitawaka kwa breki pia. Dereva aliye pembeni yako anaona indiketa imewaka bila kupepesa na hajui unataka nini. Umeme huo unachukuliwa kwenye waya wa indiketa ya mbele, kabla haujatoka nje ya kebini, pale anapokaa dereva. Taa ya mbele haihusiki na breki kabisa.

Kioo kupanda juu badala ya kwenda kushoto ndilo dogo kuliko yote, na ndilo linaloonyesha vizuri jinsi kazi ilivyotakiwa kufanywa. Ndani ya kioo kuna mota mbili, moja ya juu na chini, moja ya kushoto na kulia. Nyaya zake ni tatu: mmoja wa kila mota na mmoja wa pamoja. Mwelekeo unabadilika kwa kugeuza chanya na hasi. Chukua betri ndogo ya volti 9, ile ya mstatili. Gusisha nyaya mbili kati ya hizo tatu na utazame kioo. Kikienda juu au chini moja kwa moja, au kushoto au kulia moja kwa moja, mmoja kati ya hizo mbili ni wa pamoja. Kikienda mshazari, tena kwa uvivu, umeshika nyaya za mota zote mbili na umeme unapita kwenye moja ukimalizia kwenye nyingine. Basi ule wa tatu ulioachwa unaning'inia ndio wa pamoja. Andika kwenye kipande cha tepu, bandika kwenye waya, nenda kwenye unaofuata. Ni dakika tano kwa kila kioo. Fundi wako amezikwepa hizo dakika tano, wewe umepoteza usingizi.

Onyo dogo kwa wanaonunua vioo vilivyotolewa kwenye gari jipya badala ya vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya kubadilishia: usiguse kila waya kwa volti 12 ukitafuta inafanya nini. Vioo vyenye kumbukumbu ya mkao wa dereva vina vihisi vinavyotumia umeme mdogo, na volti 12 zinavimaliza mara moja. Vingine vina kompyuta yake ndogo ndani, vinapokea amri kwa waya wa mawasiliano, havijui habari za swichi ya zamani. Vya kujikunja kwa umeme navyo vinataka swichi inayogeuza chanya na hasi na kurudi katikati yenyewe ukiiachia.

Najua kuna atakayeniambia, "Lakini plagi iliingia yenyewe, tena ikalia tiki." Plagi ni plastiki. Silverado yako ya 2001 na ile ya 2003 ukiziegesha pamoja utasema ni mtu na mdogo wake, lakini mwaka 2003 mfumo wa umeme ulibadilishwa. Kwa hiyo ukiambiwa na muuzaji kwamba adapta inafaa "kizazi chote", muulize mwaka kwa mwaka, na hata akijibu, fungua adapta na pima kila pini kabla hujawasha ufunguo.

Niseme na la jinsi nyaya zilivyoungwa, maana nina wasiwasi napo. Kama fundi ametumia vile vibanio vya plastiki vya kubana kwa koleo, vyenye bati ndani linalouma waya bila kuuchubua, ving'oe vyote. Watu wengi wanadhani ndani ya mlango ni pakavu. Mvua inayoteremka kwenye kioo cha dirisha inaingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Mlango umetengenezwa uloane. Bati la kibanio limeshatoboa ganda la waya na mara nyingi limekata nyuzi mbili tatu za shaba, na maji yanaingia hapohapo. Niliwahi kufungua mlango wa pikapu ambayo mwenyewe alilalamika kioo cha dirisha kinapanda siku za jua tu. Kibanio kilipofunguka, waya ulikuwa kijani kama ukuta wa kisima. Nilipouvuta kidogo ulikatika kwa vidole, na ndani badala ya shaba kulikuwa na unga. Kibanio hicho kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya taa ya urembo chini ya kioo. Taa ya urembo imeua dirisha.

Unga nyaya kwa kubana na kiungio cha shaba au kwa risasi, upendavyo, ilimradi juu yake uweke mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake mlangoni huyeyuka ikawa lami. Na kwenye ule mpira unaopitisha nyaya kutoka mlangoni kuingia kwenye bodi, kusiwe na kiungo hata kimoja. Pale nyaya zinapinda kila ukifungua mlango. Kiungo cha risasi kinaufanya waya uwe mgumu, na utakatika pembeni yake tu. Vuta waya mzima, uungwe ndani ya kebini ambako ni pakavu na hapatikisiki.

Watu wanadhani hili ni la vioo. Ni la kila kitu kinachofungwa kwenye gari la zamani: redio, kamera ya nyuma, alamu, taa za kazi, chaja ya simu. Gari linafika kwangu na "shoti" ambayo watu wanne wameitafuta, nikifungua chini ya usukani nakuta viungo saba vya mafundi saba, kila mmoja kachota umeme kwenye waya uliokuwa karibu na mkono wake. Hakuna aliyeuliza waya ule unalisha nini kingine na fyuzi yake ni ya ngapi. Nimeona redio imeungwa kwenye waya wa taa za breki kwa sababu "ulikuwa mwekundu, mwekundu ni moto". Halafu video zinawaambia watu kazi yote ni dakika kumi. Dakika kumi ni kufungua kava la mlango na nati tatu za kioo, basi. Fundi atakayekuja kwako bila mita ya kupimia umeme na akakuuliza rangi, mpe maji ya kunywa na umuage vizuri.

Kuhusu vioo vyenyewe, umechagua vizuri. Virefushe mpaka uone ubavu wote wa tela hadi mwisho wake na sehemu ya barabara iliyo kando yake. Kile kioo kidogo kilichobinuka cha chini kitumie kuangalia magurudumu ya tela kwenye kona, usikitumie kukadiria umbali, kwa sababu kila kitu humo kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Ukifungua tela, virudishe ndani.

Kwa hiyo nenda kwa fundi mwingine, akate viungo vyote, apime upya, aweke fyuzi za ukubwa ulioandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Akimaliza, usimlipe mchana. Ngoja giza liingie, funga tela, mtu mmoja asimame nyuma. Washa taa, kisha gusa vioo kwa kiganja baada ya dakika chache: viwe baridi. Washa hita, viwe vuguvugu, na taa za nyuma zisififie. Washa indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, kisha zote mbili za tahadhari. Mwisho zizime zote, ukanyage breki kwa nguvu na ushikilie huku ukitazama vioo. Taa zake zisiwake hata kidogo.